Ng'ombe Waliolala kwa Mzee Ntandu

Karani wa sasa wa mahakama yetu alinikuta bombani nikichota maji, siku chache baada ya mimi kustaafu. Akaniambia vijana wapya wanauliza kazi ilikuwaje zamani na hakuna wa kuwaeleza. Nikamwambia nitaandika, ila asitegemee habari za vyeo wala mishahara. Vyote viwili vilikuja kwa kuchelewa, na hapo hakuna la kujifunza zaidi ya subira. Nitaandika habari za siku za kwanza, za baiskeli, za Mzee Athumani aliyenifundisha kazi, na za shauri moja la ng'ombe ambalo nikilikumbuka hata leo nanyoosha mgongo.

Nilizaliwa upande wa Ikungi, katika tembe lililozungukwa na ua wa miti ya minyaa. Mimi ndiye mkubwa kwetu, na wadogo zangu ni watatu. Baba aliwahi kufanya kazi machimboni Sekenke, akarudi na kifua kibovu. Alipofariki, mama naye hakuishi kuyaona mavuno yaliyofuata. Nilikuwa darasa la tano. Mwalimu alikuja nyumbani kuniuliza kwa nini sionekani shuleni, akanikuta nasaga uwele na mdogo wetu wa mwisho yuko mgongoni kwangu. Alikaa kidogo, akaniachia kipande cha sabuni, akaenda zake.

Niwaeleze desturi moja ya kwetu, kwa sababu wengine mmetoka mbali. Mtu wa kwetu hawaweki ng'ombe wake wote katika boma moja. Ugonjwa ukiingia utawamaliza, na jamaa wakiwaona wengi maombi hayaishi. Kwa hiyo wengine unawawekesha kwa rafiki. Rafiki anakunywa maziwa, na samadi anaitia katika shamba lake la uwele. Wewe unabaki kuwa mwenye ng'ombe, pamoja na ndama watakaozaliwa. Hakuna karatasi. Kuna watu wawili wanaoaminiana na labda shahidi mmoja. Baba alikuwa na ng'ombe wa namna hiyo kwa mtu wa mbali. Baada ya msiba tulimfuata, akatuambia walikufa zamani. Tukampa pole, tukarudi nyumbani. Nilikuwa mtoto, sikujua kwamba lipo swali la kumwuliza. Swali lenyewe mtalikuta mbele.

Uhuru ulikuwa bado mbichi nilipopata kazi ya utarishi mahakamani. Karani alikuwa Mzee Athumani, mtu mfupi, mkali wa macho, ambaye hakutoka nje bila mwavuli hata wakati wa kiangazi. Siku ya kwanza nilimwamkia shikamoo, akaitikia, kisha akanipa ule mwavuli niushike.

"Mwavuli uko wapi?" akaniuliza.

"Mkononi mwangu, mzee."

"Wa nani?"

"Wako, mzee."

"Basi umeshamaliza nusu ya sheria ya madai. Kitu kuwa mkononi kwako ni jambo moja, kuwa chako ni jambo jingine. Nusu iliyobaki ni kunirudishia kabla mvua haijanyesha."

Nilidhani ananitania. Miaka ilivyozidi kwenda niliona kwamba mashauri mengi tuliyoyapokea, ya mashamba, ya mizinga ya nyuki, ya milango iliyoazimwa kwa ajili ya harusi ikasahaulika kurudishwa, yalikuwa habari ya mwavuli.

Somo la pili lilikuwa la jinai na madai. Watu wa wakati ule waliijua mahakama kuwa ni mahali pa kufungwa tu. Wiki yangu ya kwanza alikuja mzee mmoja aliyeshtakiwa na jirani yake kwa habari ya mpaka wa shamba. Alikuja na blanketi, kibuyu cha maji na unga kidogo, na nyuma yake mke na watoto wanalia. Alikuwa ameshagawa mbuzi wake. Mzee Athumani akamweka chini.

"Baba, hapa hakuna anayefungwa. Jinai ni Serikali na mtu. Madai ni mtu na mtu. Serikali leo ni mwenye nyumba tu, amewapa mahali pa kukaa mkasemezane."

"Kwa hiyo narudi nyumbani?"

"Unarudi."

Mzee akamgeukia mkewe. "Kimbia ukanirudishie wale mbuzi kabla hawajaliwa!"

Mbuzi mmoja alikuwa ameshaliwa. Huyo akatuletea shauri jingine.

Kazi yangu kubwa ilikuwa kupeleka samansi, zile hati za kuwaita watu mahakamani. Vifaa vyangu vilikuwa mkoba wa turubai, kidau cha wino wa dole gumba, na baiskeli ya mahakama ambayo breki yake ilikuwa mguu wangu. Tairi likitoboka porini nilijaza nyasi ndani, nikaendelea. Samansi ni nakala mbili. Moja unamwachia anayeitwa, nyingine anaweka sahihi au dole, unairudisha. Akikataa, unaiacha mbele ya shahidi na kuandika kwamba amekataa. Usibishane naye, wala usimweleze kama atashinda au atashindwa. Niliwahi kumfuata mtu hadi Mitundu, alikokwenda kurina asali. Aliponiona alipanda mtini. Nilikaa chini ya mti ule, nikala viazi vyangu, nikamsomea samansi kwa sauti kutoka chini. Nyuki ndio waliomteremsha. Aliweka dole gumba huku uso umevimba, akasema, "Ningejua, ningeshuka mapema."

Mzee Athumani alinipa kanuni moja ambayo sikuiona imeandikwa popote: kwa mdai au kwa mdaiwa, maji kunywa, maziwa usinywe. Maji ni ya Mungu. Ukishakunywa maziwa ya mtu, ulimi wako unakuwa mzito upande wake, hata kama mwenyewe hujui.

Baadaye, kwa kuwa nilijua Kinyaturu cha nyumbani na Kiswahili cha ofisini, nikafanywa mkalimani pia. Hapo akaniongezea nyingine: "Mkalimani ukiongeza chumvi, umepika wewe. Peleka maneno kama yalivyo. Matusi yapeleke. Kikohozi kama kina maana, kipeleke."

Ulipofika wakati wa Ujamaa, lugha ya mahakamani ilibadilika kidogo. Watu wote wakawa ndugu. Mdaiwa mmoja alisimama akaanza, "Ndugu Hakimu," na mdai akanyoosha mkono papo hapo: kama hakimu ni ndugu yake, yeye anaomba shauri lihamishiwe kwingine. Hakimu alicheka hadi akavua miwani, lakini akamwambia kwamba jambo aliloliogopa ni la kweli. Anayeamua asiwe wa upande wowote, na akiwa na udugu na mmoja, ajitoe.

Kisha ikaja Operesheni, watu wakahamishiwa vijijini. Sitaandika mengi, wapo wanaoweza kuieleza vizuri kuliko mimi. Kwangu mimi tarishi, shida ilikuwa kwamba nchi nzima ilihama anwani. Zamani samansi iliandikwa, "boma lenye minyaa mirefu, nyuma ya jiwe lililopasuka," na mtu unampata. Sasa jiwe lilikuwepo, minyaa ilikuwepo, mtu hayupo. Alikuwa kwenye mstari wa nyumba, na mistari yote ilifanana. Majirani wa tangu zamani walitenganishwa, na mapatano yao ya zamani yakabaki hayana mtu wa kuyashuhudia. Ndivyo lilivyozaliwa shauri la Monika.

Alikuja asubuhi, kitenge kimefungwa kifuani, miguu imejaa vumbi jekundu. Binti wa umri wa kuolewa ambaye hakuwa ameolewa, nikajua sababu kabla hajaisema. Alikuwa mkubwa kwao, na wazazi hawapo. Nyuma yake walikuwa wadogo wawili wa kiume waliovaa kaptula za shule.

"Shikamoo mzee. Shikamoo kaka," akatuamkia. "Nimekuja kuuliza. Mtu akikaa na ng'ombe wa baba yangu, baba akafa, ng'ombe wanakuwa wa nani?"

Mzee Athumani aliweka kalamu chini. "Wako kwa nani?"

"Kwa Mzee Ntandu. Baba aliwawekesha kwake tangu mimi mdogo. Sasa tumehamia kijiji kingine na yeye kingine. Nimesikia mwanawe anaoa, na ng'ombe wetu wamo katika mahari. Wakishatolewa watagawanywa kwa wajomba wa bibi harusi, mmoja huku, mmoja kule. Nitamfuata nani? Hawa wataoa kwa mahari gani?" Akawaonyesha wadogo zake, ambao walikuwa wanahesabu vioo vya dirisha.

Mimi nilikuwa nimesimama na mkoba begani. Nilihisi kama mtu ameniita kwa jina langu la utotoni.

Mzee Athumani hakumpa moyo wala hakumvunja. Alimweleza mambo mawili. La kwanza, si kila mtu anaweza kudai mali ya marehemu. Lazima ukoo ukae, umteue msimamizi wa mirathi, na mahakama imkubali. La pili, anayedai ndiye anayethibitisha. "Mdaiwa anaweza kukaa kimya amekunja mikono. Wewe ndiye utakayebeba mzigo. Una shahidi aliyeona baba yako akiwakabidhi?"

"Alikuwepo mzee mmoja. Alifariki mwaka wa ukame."

"Hm," akasema Mzee Athumani, akaichukua kalamu yake.

Monika alirudi na baba yake mdogo na mukhtasari wa kikao cha ukoo. Baba mdogo alikuwa mtu mkweli. Alipoulizwa na hakimu kwa nini ukoo ulimteua mtoto wa kike, alijibu, "Mheshimiwa, sisi wanaume tuliogopa kugombana na Ntandu. Huyu haogopi." Hakimu Kasimu, kijana aliyetoka pande za Tanga, aliandika jibu hilo lote bila kupunguza neno. Akamthibitisha Monika kuwa msimamizi, akatoa na amri ya zuio: ng'ombe wanaobishaniwa wasitoke bomani mpaka shauri liishe.

Nikazipeleka samansi na zuio. Mzee Ntandu nilimkuta katika kijiji chake kipya, amejenga boma la miiba nyuma ya mstari wa nyumba, anakagua kwato za ndama. Mrefu, mkavu, mwenye sauti ya mtu aliyezoea kuita mifugo ng'ambo ya bonde.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Umekuja na karatasi au na njaa?"

"Vyote viwili, mzee. Lakini kilichonileta ni karatasi."

Akacheka, akaita nyumbani niletewe kibuyu. Maziwa mgando, yamekolea vizuri. Nilikuwa nimesukuma baiskeli juani tangu asubuhi. Nikaomba maji.

"Maji!" akasema. "Unakataa maziwa ya ng'ombe wangu?"

"Hilo ndilo swali lenyewe, mzee. Limo kwenye karatasi."

Cheko likakatika. Nikamsomea neno kwa neno kwa Kinyaturu. Nilipofika kwenye jina la mdai, akatema mate pembeni. "Mtoto wa kike anadai ng'ombe! Nani aliyewalisha ukame ulipokuja? Nani aliyewaswaga siku ya Operesheni, mvua inanyesha na ndama wawili mabegani? Walikuwa wapi wao? Hakuna aliyekuja kuniuliza hata kama nimefika." Kisha akachukua kidau cha wino kwa hasira, akaweka dole gumba mahali pake sawasawa. Niliyaandika yote mawili, hasira na dole.

Siku ya kusikilizwa, chumba kilijaa hadi madirishani. Wazee wa baraza, wanaomshauri hakimu juu ya desturi, walikuwa wawili. Nitamtaja mmoja, Mzee Mkumbo, kwa sababu alikuwa na tabia ya kufumba macho tangu shauri linapoanza. Wageni walidhani amelala. Sisi tulijua kwamba akilala kweli hukoroma.

Monika alieleza yaliyomkuta. Rangi za ng'ombe, mwaka waliohamia boma la Ntandu, jina la shahidi aliyefariki. Ntandu akapewa nafasi ya kumwuliza maswali.

"Uliniona nikipewa?"

"Nilikuwa mdogo. Nilimsikia baba."

"Ulisikia. Mimi nilisikia kwamba mwezi ni sahani. Shahidi wako yuko wapi?"

"Amefariki, baba."

"Mwite basi."

Watu wakacheka. Hakimu akapiga meza. Monika hakulia wala hakuinua sauti. Alisimama vile vile, mikono nyuma, anamtazama. Ntandu naye akajieleza kwa kifupi. Ng'ombe wako bomani kwake, amekaa nao miaka mingi, hakuna aliyewahi kuwadai, wana alama yake ya sikio. Alama ilikuwa ya kweli. Ndama wanaozaliwa bomani hukatwa alama ya mwenye boma, na wale wa mwanzo walikuwa wameshakwisha.

Niwaambie wenzangu, hapo ndipo kazi ilipokuwa nzito kuliko baiskeli iliyojaa nyasi tairini. Mimi nililijua swali. Nililijua tangu siku wakubwa waliponifundisha, nimeshachelewa, kwamba yule mtu wa baba tulipaswa kumwuliza swali hilo. Nilikuwa nimesimama hatua chache kutoka kwa Monika, na lugha mbili zote zilikuwa zinapita mdomoni mwangu. Neno moja la pembeni kwa Kinyaturu lingetosha, na hakimu asingejua. Mzee Athumani aliniangalia kutoka mezani kwake. Sijui kama alijua ninachowaza, ila nadhani alijua. Nikaibana midomo. Kama mkalimani atakuwa wakili wa yatima leo, kesho atakuwa wakili wa mwenye ng'ombe wengi, na mahakama haitakuwa ya mtu yeyote. Nilikaa kimya. Katika miaka yangu yote ya kazi, ukimya ule ndio ninaojivunia kuliko maneno yote niliyowahi kuyatafsiri.

Hakimu akawageukia wazee wa baraza. "Mna swali?"

Mzee Mkumbo akafumbua jicho moja. "Ninalo kwa huyu binti. Mwanangu, ulipokuwa mdogo nyumbani mlilalia nini?"

Kicheko kingine. Monika alishangaa, lakini akajibu. "Ngozi, babu."

"Ngozi ya ng'ombe gani?"

"Mwekundu, mwenye baka jeupe kwenye paji. Ndiye aliyekufa mwaka wa ukame."

"Alifia kwenu?"

"Hapana, babu. Kwetu hatukuwa na ng'ombe. Alifia kwa Mzee Ntandu. Alituletea ngozi na paja la nyama. Baba na mama walikuwa hai bado, mama alimpikia ugali."

Kicheko kikafa. Wanaume wa madirishani wakaanza kutazamana. Hakimu Kasimu aliona kwamba chumba kimebadilika, akauliza bila kuona haya, jambo ambalo daima nilimheshimu kwalo: "Mzee Mkumbo, mimi si mtu wa huku. Ngozi ina maana gani?"

"Ng'ombe wa kuwekesha akifa, Mheshimiwa, mtunzaji hamtumi mtu kusema amekufa. Maneno yanaweza kusema lolote. Anabeba ngozi yeye mwenyewe, anaipeleka kwa mwenye ng'ombe, na nyama kidogo, ili mwenyewe aone kwamba mali yake imekufa, haikuuzwa. Ng'ombe wako mwenyewe akifa, ngozi unalalia wewe."

Hakimu akaandika. Kisha akamgeukia mdaiwa, nami nikatafsiri polepole, kila neno mahali pake. "Mzee Ntandu, umekula kiapo. Ngozi ya ng'ombe huyo mwekundu ilikwenda wapi?"

Ntandu alisimama. Angeweza kukana. Mama wa Monika alikuwa kaburini, ngozi yenyewe ilikwisha kuliwa na panya, na yule binti alikuwa mtoto wakati ule. Neno lake lingekuwa dhidi ya neno la mtoto. Lakini kukana kungekuwa kusema, mbele ya wazee wote waliojaa madirishani, kwamba ng'ombe wa rafiki yake alimfia mikononi naye akamla kimya kimya. Nilimwona akiyapima mambo hayo mawili, aibu ya kushindwa na aibu ile nyingine.

"Niliipeleka kwao," akasema.

"Kwa nini?"

"Kwa nini!" Sauti ikampanda. "Unanionaje, Bwana Hakimu? Mimi ni fisi, nile ng'ombe wa mtu nisipeleke hata ngozi?"

Nilitafsiri yote, pamoja na fisi. Hakuna aliyecheka. Ntandu mwenyewe alisikia alichokisema kilipotoka kwa Kiswahili mdomoni mwangu. Akakaa kwenye benchi kabla ya kuruhusiwa. Kisha akaongeza, kwa sauti ya chini, "Baba yao alipokufa hakuna aliyekuja kuniambia lolote. Niliona wamenisahau mimi na ng'ombe. Mtu akisahauliwa na mali, anaanza kuiona yake."

Hukumu haikuwa ndefu. Hakimu alisema kwamba kukaa na kitu, hata kwa miaka mingi, hakumfanyi mtunzaji kuwa mwenye kitu, ikiwa alikipokea kama mtunzaji. Ng'ombe na uzao wao ni mali ya marehemu, wasimamiwe na Monika kwa ajili ya wadogo zake. Maziwa na samadi vilivyokwisha kutumika visidaiwe, kwa kuwa ni haki ya mtunzaji. Na kwa sababu wazee wa baraza walisema desturi inamtunuku mtunzaji aliyevusha mifugo katika ukame, Mzee Ntandu apewe mtamba mmoja awe wake kabisa, sikio na mkia. Hakuna upande ulioondoka mikono mitupu, na hakuna upande uliopewa kisicho chake. Wenzangu, mkiulizwa hukumu nzuri ni ipi, wapeni mfano huo.

Nilitumwa kusimamia makabidhiano. Monika alikuja na wadogo zake wawili, na mwenyekiti wa kijiji akawa shahidi. Ntandu aliwatoa bomani mmoja mmoja, akimtaja kila ng'ombe na mama yake na bibi yake, hata wale ambao Monika asingewajua kamwe. Hakuficha hata mmoja. Wakasimama mbele ya nyumba, mikia inapunga nzi. Monika alizunguka, akawagusa migongoni. Kisha akasimama.

"Baba Ntandu," akasema, "mimi naishi kwenye mstari wa nyumba, sina boma. Nikiwachukua, mchungaji ni huyu au yule." Akawaangalia wadogo zake. "Nao wako darasani. Sitaki waache."

Ntandu akaegemea fimbo yake.

"Wabaki kwako. Maziwa unywe, samadi uchukue, kama ulivyopatana na baba. Lakini mara hii mwenyekiti asikie, na kaka huyu wa mahakama asikie, na hawa watoto wasikie, kwamba ni wetu."

"Baada ya kunipeleka shaurini?" akasema Ntandu.

"Nilikupeleka ili wajulikane ni wa nani. Anayejua kuwatunza nilishamjua."

Yule mzee akachezea fimbo yake, akaikwaruza chini. "Una mdomo kama wa baba yako," akasema mwishowe. Akaagiza kibuyu. Alinitazama mimi kwanza. "Na wewe wa mahakama, leo swali limeshajibiwa. Utakunywa au bado unataka maji?"

Nilimwangalia Monika, kwa kuwa ng'ombe walikuwa wake. Akaitikia kwa kichwa. Nikanywa. Yalikuwa mazuri kama nilivyoyadhania siku ile ya kwanza.

Niliporudi nilimwuliza Mzee Athumani kama nimevunja kanuni yake. Akafikiri. "Shauri limekwisha?" Limekwisha. "Mwenye maziwa aliruhusu?" Aliruhusu. "Basi ulichelewa tu kunywa," akasema, akatafuta mwavuli wake aondoke. Ulikuwa mkononi mwangu.

Nilifanya kazi miaka mingi baada ya hapo, nikahamishwa hadi upande wa Nduguti na kurudishwa. Wadogo zangu wote watatu walimaliza shule, nami nilikaa nao kila jioni wakisoma, nikajifunza humo humo nilichokikosa. Nimeona mashauri makubwa zaidi kuliko lile. Lakini kabla sijaifunga kalamu niwape la mwisho.

Miaka kadhaa baadaye nilikuwa njiani na samansi ya watu wengine kabisa. Jua lilikuwa kali. Mbele yangu alikwenda mzee mrefu, sasa ameinama, amebeba mzigo begani na kupumzika kila mahali penye kivuli. Nilipomkaribia nikasikia harufu kabla sijamtambua. Ilikuwa ngozi mbichi, imekunjwa, na juu yake paja limefungwa kwa majani.

"Shikamoo, Mzee Ntandu."

"Marahaba."

"Safari hii ndefu, mzee. Ungemtuma mmoja wa wajukuu."

Akanitazama kama mtu anayemtazama mgeni kutoka mbali. "Ngozi hatumwi mtu," akasema.

"Unaipeleka wapi?"

"Kwa mwenye ng'ombe."

Kanuni za mahakama hazisemi lolote kuhusu kubeba ngozi kwenye baiskeli ya Serikali. Nikashuka, nikaifunga nyuma ya kiti juu ya mkoba wa samansi, tukaenda naye kwa miguu mpaka kwa Monika.